Jinsi ya kumchagulia samaki mwindaji wenzake wa tangi, ukiwa Nairobi

Dukani, oska ni kisamaki cha urefu wa kidole chenye madoa ya kupendeza, na anakufuata kwa macho ukipita mbele ya kioo. Pembeni yake kuna arowana mwembamba na kambare mkia-mwekundu ambaye bado anatosha kiganjani. Wote wanaogelea pamoja bila ugomvi, na muuzaji atakuambia, "Hawa wanaelewana, bosi." Hasemi uongo. Leo wanaelewana. Wewe unapaswa kuuliza habari za mwaka ujao, siku mmoja wao atakapoweza kummeza mwenzake bila kutafuna.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufuga samaki mkubwa mla nyama nyumbani, Umoja au Kilimani au popote jijini, na asingependa awe peke yake. Kila hatua hapa chini inarudi kwenye jambo lile lile: mwenza wa samaki mwindaji huchaguliwa kwa ukubwa watakaofikia wote wawili, na kwa maji na stima ulizo nazo. Rangi na bei ni mambo ya mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Jua mkubwa wa tangi atafika wapi

Kabla hujafikiria wenzake, amua mkubwa ni nani, kisha andika mahali urefu wake wa mwisho. Oska, ambaye asili yake ni mito ya Amerika Kusini, hufika sentimita 30 hadi 35. Jagwa, ambaye ni sikilidi (jamii ya samaki ambayo oska naye yumo) wa Amerika ya Kati, humpita kidogo. Arowana wa fedha wa Amazoni hukaribia sentimita 90. Kambare mkia-mwekundu hupita mita moja, na sijui ni nyumba gani ya kupanga ambayo mtu angemlea humo hadi uzeeni bila kuigeuza sebule kuwa bwawa. Yule wa kijivu anayeuzwa kwa jina la "shaki", anayependwa sana na watoto, ni pangasi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Naye anaweza kupita mita moja, na ni mwoga kiasi kwamba mlango ukibamizwa anakimbia na kujigonga kichwa kwenye kioo.

Utaambiwa pia, "Huyu akikaa kwa tangi ndogo hakui, anabaki hivyo tu." Samaki hapunguzi ukubwa kwa adabu. Anadumaa kwa sababu maji ni machafu na nafasi haimtoshi, uti wa mgongo unapinda, na anakufa miaka mingi kabla ya siku zake. Oska aliyetunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 10.

Andika pia kasi ya kukua, kwa kuwa hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Oska mdogo anayekula vizuri huongeza karibu sentimita 2 kila mwezi, na arowana humwacha mbali: ndani ya mwaka anaweza kukaribia nusu mita. Sasa chukua bichiri wa Senegali, samaki mtulivu wa chini ambaye hukua polepole na huishia kama sentimita 30. Ukiwanunua yeye na arowana siku moja, wote wakiwa na urefu wa kalamu, kabla mwaka haujaisha mmoja atakuwa chakula cha mwingine. Na kwenye vitabu vyote wameandikwa kwamba wanafaa kukaa pamoja! Wanafaa kweli, ila bichiri anunuliwe kwanza, alelewe peke yake hadi anenepe, ndipo arowana mchanga aletwe.

Hatua ya 2: Pima mdomo

Samaki mwindaji hana chuki na mwenzake. Kinachotosha mdomoni kinaingia, na kisichotosha kinaachwa, au angalau hakimezwi. Taya za oska huchomoka mbele ghafla na kumfyonza windo pamoja na maji yaliyomzunguka, kwa hiyo mdomo uuonao umefungwa haukuambii kitu. Upime ukiwa wazi. Bandika kipande cha tepu ya fundi cherehani kwenye kioo, usawa wa juu ya maji, shika kipande cha chakula karibu na hapo, na urekodi kwa simu anapokirukia. Ukirudisha video polepole utaona taya zimefunguka sentimita ngapi. Kisha mpime unayetaka kumleta, kutoka mgongoni hadi tumboni. Unene huo ukiwa chini ya upana wa mdomo, au ukikaribiana nao, mwache dukani.

Ndiyo maana umbo lina uzito kuliko urefu. Silva dola mzima ana sentimita 15 tu, lakini mwili wake ni bapa na mrefu kwenda juu, hivyo humkwama oska kabla hajaanza kummeza. Samaki mwembamba wa sentimita 15 huteremka bila tabu. Kwa oska na jagwa kanuni yangu ni kwamba mwenza asipungue theluthi mbili ya urefu wao, na awe na mwili mnene, isipokuwa wenye umbo la bapa kama silva dola. Kwa kambare wakubwa kanuni hiyo haifanyi kazi, kwa sababu mkia-mwekundu humeza samaki wanaokaribia urefu wake mwenyewe na tumbo linajaa hadi huwezi kuamini ni mnyama yule yule. Mwenza wake awe mkubwa sawa naye, au asiwepo.

Kuna wale ambao mdomo unawatosha lakini koo haliwezi. Pleko, kambare anayejibandika kwenye kioo kwa mdomo, hutandaza mapezi yake magumu akishikwa. Sinodontisi, jamaa ya yule ambaye wavuvi wa Ziwa Victoria humwita okoko, ana miiba mgongoni na mbavuni inayojifunga na kukataa kurudi nyuma. Akimezwa akiwa mdogo, hukwama njiani na kuwaua wote wawili, mmezaji na mmezwaji. Kwa hiyo usidanganyike na ushauri wa "mweke pleko, huyo haliki." Pleko wa sentimita 20 haliki. Pleko wa sentimita 6 anajaribiwa, na jaribio ndilo linaloua.

Hatua ya 3: Tangi kwanza, samaki baadaye

Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 linachukua lita 300. Hilo ni la oska mmoja, mmoja tu, bila mwenza wa kudumu. Watu hawapendi kusikia hivyo, lakini maji machache yana sehemu chache za kukimbilia, na anayefukuzwa hana kona. Mazungumzo ya wenza huanza kwenye tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60, yaani takriban lita 650. Kwa arowana, angalia upana kabla ya urefu: samaki wa sentimita 80 hawezi kugeuka kwenye upana wa 60 bila kujikunja, na mwishowe mgongo au macho yanaumia. Mpe upana wa 90, na kifuniko kizito kinachofungwa. Porini arowana huruka kutoka majini kudaka wadudu waliotua kwenye matawi, na silika hiyo haimtoki kwa kuwa yuko South B.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 650 pamoja na kioo na mawe litakaribia kilo 800, na stendi yake ni kazi ya fundi wa chuma anayejua kuchomelea vizuri, Kamukunji hutawakosa. Ukikaa ghorofani, liweke kando ya ukuta unaobeba jengo, siyo katikati ya sakafu, na zungumza na mwenye nyumba kabla. Msimamizi wa ploti akikuta maji yanateremka kwa jirani wa chini, hutakuwa na la kusema.

Hatua ya 4: Linganisha maji yako na samaki unaowataka

Hapa Nairobi hatua hii ina mambo mengi kuliko miongozo ya nje inavyodhani, maana mtaa mmoja unaweza kuwa na maji ya aina mbili.

Maji ya mfereji, yale tunayoyaita ya kanjo, mengi yanatoka safu za Aberdare kupitia mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Ni maji laini, yenye chumvi kidogo za madini, na samaki wa Amazoni huyafurahia. Shida yake ni klorini. Yaweke kwenye pipa na pampu ya hewa kwa siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya visima virefu, ambayo ndiyo hujaza bauza nyingi (malori ya maji), yana magadi na floridi zaidi na pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi, huwa juu. Oska anaweza kuyazoea. Hatari yenyewe ni amonia, ile sumu inayotokana na mkojo wa samaki na chakula kinachooza: katika pH 8 sehemu yake yenye sumu kali ni karibu mara kumi ya ilivyo katika pH 7. Yaani uchafu ule ule ambao kwa jirani wa maji ya kanjo ungewachosha samaki tu, kwako wewe wa kisima unawaua. Wenye maji ya kisima wapunguze idadi ya wenza na waongeze kichujio.

Na usibadilishe ghafla kutoka maji haya kwenda yale. Mgao ukiwabana na bauza ikaja, changanya kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Jambo la pili ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti maji ya tangi la akiba juu ya paa yanaweza kufika nyuzi 15. Ukibadilisha theluthi ya maji kwa hayo, samaki waliokuwa kwenye nyuzi 27 wanashuka hadi 23 kwa dakika chache, na wiki hiyo hiyo utaona vidoa vyeupe kwenye mapezi. Pasha maji ndani ya pipa kwanza. Kwa tangi la lita 600 weka hita mbili za wati 300 badala ya moja kubwa, ili moja ikifa isife na nyingine. Zikinge kwa bomba la plastiki lenye matundu, maana oska akikasirika huisukuma hita hadi ipasuke.

Jambo la tatu ni stima. Ikipotea, joto la tangi kubwa hushuka polepole. Kinachoisha haraka ni oksijeni. Na hapa ndipo pana kigezo cha kuchagua wenza ambacho sijaona kikitajwa sana: nani anaweza kupumua hewa. Bichiri ana pafu na hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo saa nne za giza hazimsumbui. Muachie tu nafasi kati ya maji na kifuniko. Jamaa zake wanaishi Ziwa Turkana, kwa hiyo siyo mgeni sana kwetu. Pleko naye hujitahidi. Arowana mkubwa na kundi la tinfoili, samaki wa rangi ya fedha wanaoogelea bila kupumzika, ndio huanza kuhema juu ya maji. Kama mtaa wenu stima hupotea mara kwa mara, chagua wenza wa aina ya kwanza, nunua pampu ya hewa ya betri, na usimlishe samaki yeyote hadi stima irudi. Kichujio cha mkebe kikikaa saa nyingi bila mzunguko, mwaga maji yaliyomo kabla ya kukiwasha tena. Ukinusa utajua kwa nini.

Hatua ya 5: Soma tabia, kisha gawa tangi kwa ghorofa

Fahali wawili hawakai zizi moja, na methali hii ingeweza kuwa imetungwa mbele ya tangi la sikilidi. Oska wawili wasio mume na mke mara nyingi huishia na mmoja kujificha nyuma ya hita maisha yake yote. Wakiwa mume na mke ni afadhali kwao na balaa kwa wengine, kwa sababu wakitaga mayai wanamfukuza kila kiumbe hadi kwenye kona ya mwisho. Jagwa ni mkali zaidi. Flawahoni, ambaye hapatikani porini maana alitengenezwa na wafugaji wa Malaysia kwa kuchanganya aina mbalimbali katika miaka ya 1990, akae peke yake. Nimewaona wanaojaribu kumpa mwenza kwa kugawa tangi kwa kioo, na hata hapo anashinda akipigana na kioo.

Kamongo pia ni wa peke yake. Kuna vijana huwaleta kutoka Kisumu wakiwa hai, na ni samaki wa ajabu kumtazama, lakini anauma vipande: mapezi ya mwenzake leo, mkia kesho, na usisahau vidole vyako. Mbuta hata tusimjadili. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na akawafyeka fulu, wale sikilidi wadogo wa ziwa hilo, hadi aina nyingi zikatoweka. Ikiwa ziwa zima halikumtosha mbuta, sebule yako haitamtosha.

Mbuna wa Ziwa Malawi huwekwa na oska kwa sababu wote wanaitwa sikilidi na wote wana rangi. Usifanye hivyo. Mbuna wanataka maji magumu yenye pH ya karibu 8 na zaidi, wanakula mimea ya mawe, na wana fujo za haraka haraka ambazo oska mzito hawezi kuzijibu ila kwa kummeza mmoja.

Wanaofaa huwapata ukiligawa tangi kwa ghorofa tatu, kila ghorofa na mwenyeji wake. Juu ni pa arowana. Katikati ni pa oska, severamu, silva dola na tinfoili. Chini ni pa bichiri, pleko na kambare wa wastani. Samaki wa ghorofa tofauti hukutana mara chache, na samaki wenye maumbo tofauti hawaonani kama wapinzani. Sikilidi hupigana zaidi na anayefanana naye.

Ningependekeza mpangilio huu kwa anayeanza na lita 650: oska mmoja, silva dola watano au sita, na bichiri mmoja mnene aliyepita sentimita 25. Silva dola lazima wawe kundi. Akiwa mmoja anakuwa mwoga, na samaki mwoga anayerukaruka ndiye humwamsha mwindaji. Wakiwa kundi wanatembea wazi katikati ya tangi, na oska akiwaona wametulia naye hutulia. Majani ya plastiki watayaacha. Ya kweli watayala yote ndani ya wiki.

Anayependa rangi zaidi anaweza kubadilisha bichiri kwa severamu, samaki wa sentimita 20 mwenye mwili wa sahani na roho ya upole, mradi aingie akiwa amekua. Pleko ongeza tu ukiwa tayari kumlisha usiku. Pleko mwenye njaa huwapanda samaki wapana waliolala na kuwakwaruza ute wa ngozi, na asubuhi utaona mabaka ubavuni mwa oska ukadhani ni ugonjwa. Mtilie kipande cha tango au boga baada ya kuzima taa.

Arowana ni mradi mwingine kabisa: lita 1,500 au zaidi, bichiri wawili wakubwa chini, tinfoili watano katikati, basi. Na kama mtu anakuuzia arowana mwekundu au wa dhahabu wa Asia, uliza karatasi zake. Aina hiyo iko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na biashara yake ya kimataifa hairuhusiwi ila kwa samaki waliozalishwa kwenye mashamba yaliyosajiliwa.

Hatua ya 6: Karantini

Kila mgeni akae kando wiki tatu hadi nne. Pipa la plastiki la lita 200, hita, kichujio cha sponji, kipande cha bomba cha kujificha, inatosha. Tazama vidoa vyeupe, mapezi yaliyobanwa mwilini, na kinyesi cheupe chenye nyuzi. Bichiri na kambare, ambao huathirika upesi na kemikali, usiwape dawa zenye shaba. Wengi wao hupona vidoa vyeupe kwa kupandisha joto polepole hadi nyuzi 30 na kuongeza hewa.

Hatua ya 7: Waingize kwa mpangilio

Mpole aingie kwanza, mkali mwisho. Kama mkali tayari ni mwenyeji, huwezi kumfukuza, lakini unaweza kumvurugia ramani: toa mawe na magogo yote, yapange upya, na ikiwezekana mtoe yeye mwenyewe kwenye pipa kwa saa kadhaa. Akirudi anakuta tangi asilolijua, na mgeni anakuwa si mgeni peke yake.

Mlishe mwenyeji ashibe kabla ya kumfungulia mgeni. Zima taa. Ingiza kundi lote la silva dola kwa pamoja. Ukiwaleta wawili leo na watatu mwezi ujao, wale wawili watabeba vipigo vya wote. Kwa sikilidi wakubwa, tumia kizuizi chenye matundu katikati ya tangi kwa wiki moja hivi, waonane na kunusana bila kufikiana. Kipande cha plastiki yenye miraba, ile ya kufunika taa za dari za ofisini, kinafanya kazi vizuri na hakina gharama.

Hatua ya 8: Lisha kwa ncha mbili

Ugomvi mwingi huanzia kwenye chakula. Mwaga tembe zinazoelea upande mmoja wa tangi, na wakati wakubwa wanagombania huko, dondosha zinazozama upande wa pili. Bichiri haoni vizuri; hutafuta kwa pua, na akikuta kila kitu kimeliwa kwa wiki mbili mfululizo atadhoofika hadi aingie kwenye kipimo cha mdomo wa oska. Mwekee chake baada ya taa kuzimwa.

Chakula kikuu kiwe tembe nzuri za samaki wala nyama, kikifuatwa na vipande vya tilapia, kamba na minyoo ya ardhini iliyooshwa. Gikomba au City Market utapata tilapia wa kutosha kwa mwezi mzima. Mkate vipande, mgandishe. Samaki wa dhahabu walio hai, wanaouzwa kama chakula, waache. Wanaleta magonjwa, na miili yao ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo mwindaji anayewala kila siku hudhoofika akiwa ameshiba. Moyo wa ng'ombe nao una mafuta ambayo samaki hawezi kuyatumia vizuri. Samaki mzima hahitaji kula kila siku. Mara tatu au nne kwa wiki inamtosha, na maji yako yatakushukuru. Badilisha theluthi ya maji kila wiki na upime naitreti, taka inayobaki amonia ikishavunjwa, kwa matone: ikipita miligramu 40 kwa lita, ama unalisha sana ama umefuga wengi.

Hatua ya 9: Tofautisha ugomvi na mauaji

Siku za kwanza watasukumana. Sikilidi wawili kushikana midomo na kuvutana ni mashindano ya nguvu, na mara nyingi huisha ndani ya muda mfupi mmoja akipauka rangi na kuondoka. Mwache. Pezi lililochanika kidogo hupona kwa wiki moja au mbili katika maji safi.

Ingilia kati unapomwona mmoja amening'inia kwenye kona ya juu, kichwa juu, mapezi yamebanwa, na hashuki hata chakula kikiwekwa. Au magamba yamekosekana mahali pale pale kila asubuhi. Au jicho limejeruhiwa. Angalia saa moja baada ya taa kuzimwa, ukitumia tochi ya simu iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu, maana wengine hutulia mchana wote na kuanza fujo gizani. Ukishaona dalili hizo siku mbili mfululizo, usingoje ya tatu. Mtoe anayepiga ikiwa ni mmoja. Mtoe anayepigwa ikiwa wanaompiga ni wengi.

Hatua ya 10: Uwe na mahali pa kumpeleka

Hili lipange kabla ya kununua. Uliza dukani kama watampokea akishakua, na uliza wafugaji wengine wenye matangi makubwa. Kumwachilia mtoni au kwenye bwawa ni marufuku kwa mtu mwenye akili zake. Kamba wekundu wa Marekani waliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, na hadi leo wapo humo wakila mimea ya ziwa.

Siku ya kumhamisha, asiwe amekula kwa saa 48, la sivyo atachafua maji ya safari. Oska mzima hatoshi kwenye mfuko wa dukani. Tumia ndoo ya lita 50 yenye kifuniko kinachofunga, maji ya tangi lake nusu tu, nafasi iliyobaki iwe hewa, na pampu ya betri. Mshike kwa beseni badala ya wavu, kwa kuwa miiba ya mapezi hunasa kwenye wavu na kuvunjika. Funika ndoo kwa blanketi, kwa joto na kwa giza. Ikiwa unatoka Kahawa kwenda Lang'ata, ondoka baada ya saa tatu usiku, Thika Road ikiwa imefunguka, na mpigie simu anayempokea awashe hita mapema.